Harry Brearley, baba wa inoksi inayovunja meshi za mafundi

LUBUMBASHI – Fundi akitaka kutoboa tundu la milimita 3 katika bamba la inoksi, mara nyingi ncha ya meshi inaungua, ama meshi inakatika na kubaki ndani ya tundu. Pesa ya meshi imepotea, na bamba la mteja limeharibika. Kumbe shida hiyo ni ya zamani kama inoksi yenyewe. Harry Brearley, Mwingereza aliyeigundua, aliikuta tangu siku za kwanza.

Brearley alizaliwa mwaka wa 1871 katika mji wa Sheffield, mtoto wa fundi wa kuyeyusha chuma. Familia yao ilikuwa maskini. Akiwa na miaka 12 aliacha shule, kisha akapata kazi ya kuosha chupa katika maabara ya kampuni ya Thomas Firth. Hapo alijifunza kemia kidogo kidogo, na mwaka wa 1908 akawa mkubwa wa maabara ya utafiti.

Mwaka wa 1912 aliombwa kutafuta chuma cha mitutu ya bunduki, kwa sababu mitutu ilikuwa ikilika upesi. Mwezi wa nane 1913 aliyeyusha chuma chenye kromiamu karibu asilimia 13. Aliona kwamba asidi haikiharibu, hata siki na maji ya limau. Akafikiri mara moja juu ya visu vya mezani.

Mafundi wa visu hawakufurahi. Ernest Stuart, fundi wa mji huohuo, alipokijaribu mara ya kwanza, vyombo vyake vya kukatia viliisha makali. Mara ya pili visu vilikuwa vigumu lakini vyepesi kuvunjika. Mara ya tatu Brearley alikuwepo, moto ukapimwa vizuri, na visu vikafaulu. Chuma hakikubadilika, namna ya kukifanyia kazi ndiyo iliyobadilika.

Mwaka wa 1915 Brearley aliachana na kampuni yake kwa sababu ya ugomvi juu ya haki za ugunduzi. Aliendelea na kazi katika kampuni nyingine ya Sheffield, akafariki mwaka wa 1948 akiwa na miaka 77.

Inoksi nyingi ya sufuria na matangi ya leo ina pia nikeli, aina iliyotokea Ujerumani katika miaka hiyohiyo. Ikisuguliwa bila kukatwa, inazidi kuwa ngumu, na joto linabaki kwenye ncha ya meshi. Kwa hiyo fundi anatia alama ndogo kwa nyundo, anafunga bamba lisitikisike, anaweka mafuta, na kupunguza mwendo: kwa meshi ya milimita 3, mizunguko kama 1,000 kwa dakika. Anasukuma bila kusita ili meshi ikate, haichezi wala hailali upande, na anaitoa mara kwa mara kuondoa vipande. Meshi iliyoisha makali inanolewa kwanza.

Meshi zinazofaa zaidi zina kobalti ya asilimia 5 au 8. Na kobalti, zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani, inatoka Kongo, hasa katika ardhi hii ya Katanga. Madini yetu yanarudi sokoni yakiwa meshi. Ni hasara kuyavunja kwa haraka.