HENRY DARCY, MHANDISI ALIYEPIMA NJIA YA MAJI MCHANGANI

Katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet jina la Henry Darcy halitajwi, na sidhani kama linatajwa sana huko kwetu pwani. Hata hivyo, anayetaka kujua mvua inayoangukia majani ya chai hupita wapi mpaka ikatokea mtoni, hana budi kuanzia kwa bwana huyu, Mfaransa aliyefariki mwaka 1858. Nimekaa katika nchi hii ya chai miaka kadhaa, na naona yafaa wasomaji wa pwani wamjue, maana habari yake inavigusa visima vyetu pia.

Darcy alizaliwa tarehe 10 Juni 1803 mjini Dijon, mashariki ya Ufaransa. Baba yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka 14, na mama ndiye aliyehangaika mpaka mtoto akasoma. Kijana akaingia vyuo vikubwa vya uhandisi vya Paris, akahitimu, kisha akarudi kwao kufanya kazi ya serikali. Mwaka 1828 alimwoa Henriette Carey, binti wa familia ya Kiingereza iliyotoka kisiwa cha Guernsey. Hawakujaliwa watoto.

MJI WA MAJI MABAYA

Dijon ya siku zile ilikuwa na sifa mbaya kwa maji yake, na Darcy alikua akiijua shida hiyo. Alipopata cheo, alichora mpango wa kuleta maji kutoka chemchemi ya Rosoir, zaidi ya kilomita 12 kutoka mjini, kwa mfereji uliofunikwa. Hapakuwa na pampu. Maji yaliteremka yenyewe. Mwezi wa Septemba 1840 yalifika mjini, na katika miaka iliyofuata yakasambazwa kwa mabomba mtaa hata mtaa.

Kwa kazi hiyo alistahili malipo ya faranga 55,000 hivi. Alikataa. Alichokubali ni medali ya dhahabu, na maji ya bure nyumbani kwake maisha yake yote. Sisi tuliolelewa tukijua thawabu ya mtu anayechimba kisima akawaachia watu, twaelewa uzito wa jambo hilo hata kama aliyelitenda hakuwa wa dini yetu.

Lakini shukrani za watu hazidumu. Yalipotokea mapinduzi ya mwaka 1848, wakubwa wapya walimtilia shaka, wakamwondoa katika mji ule ule aliounywesha. Alipelekwa Bourges, na baadaye Paris, akasimamia maji na barabara za jiji hilo. Afya yake ikaharibika. Akaomba apunguziwe kazi ili nguvu alizobakiwa nazo azitumie katika utafiti, akarejea Dijon.

BOMBA LA MCHANGA

Mwaka 1855 na 1856, katika hospitali ya Dijon, Darcy na wenzake walisimamisha bomba la chuma, wakalitia mchanga, kisha wakapitisha maji kutoka juu hadi chini huku wakipima. Wakati ule miji ilichuja maji kwa mchanga, lakini hapakuwa na hesabu ya kuonyesha ni maji kiasi gani yatapita katika mchanga wa kiasi gani.

Jibu alilolipata ni jepesi kulieleza. Msukumo wa maji baina ya juu na chini ukiwa mara mbili, maji yapitayo huwa mara mbili. Mchanga ukiwa mrefu mara mbili, maji hupungua kwa nusu. Tena kila mchanga una wepesi wake: ule wa chembe kubwa hupitisha upesi, wa chembe ndogo hupitisha polepole. Aliyaandika hayo katika nyongeza ya kitabu chake kikubwa juu ya maji ya Dijon, kilichotoka mwaka 1856. Mwezi wa Januari 1858 alifariki Paris kwa ugonjwa wa mapafu, akazikwa Dijon, na uwanja maarufu wa mji huo ukapewa jina lake.

Si kwamba kabla yake watu hawakuyajua maji ya chini. Mwanahesabu al-Karaji, aliyefanya kazi Baghdad, aliandika kitabu juu ya kuyatoa maji yaliyofichika mapema katika karne ya 11, na ndugu zetu wa Oman wameishi kwa mifalaji yao vizazi na vizazi. Alichoongeza Darcy ni kipimo.

HEWA NA MAJI

Mchanga wa Darcy ulijaa maji matupu. Udongo mwekundu wa Kericho una wapangaji wawili katika vijitundu vyake, maji na hewa. Maji hung'ang'ania vijitundu vyembamba, hewa hushika vipana. Mvua ikiingia, hewa lazima itoke. Jua likikausha, hewa hurudi, njia za maji hukatika, na yaliyobaki hutembea kwa uzito sana. Kanuni ya Darcy ilibidi ipanuliwe, na Wamarekani Edgar Buckingham mwaka 1907 na Lorenzo Richards mwaka 1931 waliifanya kazi hiyo. Wachimba mafuta nao waliifuata njia hiyo hiyo, kwani mafuta, gesi na maji hugombania vijitundu vya mwamba mmoja, kama katika miamba ya Lokichar, Turkana, ambako mafuta yaligunduliwa mwaka 2012.

Huku Kericho jambo hili lilipimwa waziwazi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti wa Afrika Mashariki kutoka Muguga, wakiongozwa na Charles Pereira, walichagua mabonde mawili ya msitu wa Mau. Bonde la Lagan liliachwa na msitu wake. Sehemu ya bonde la Sambret ilifyekwa ikapandwa chai. Wakati wa kufyeka, mvua kubwa zilileta mafuriko zaidi kijitoni. Chai ilipokomaa na kuufunika udongo, hali ilitulia, na kijito hakikukauka. Lakini hiyo ilikuwa chai iliyotunzwa vizuri, katika udongo wenye kina kirefu. Matokeo yale si ruhusa ya kufyeka ovyo. Udongo ukishindiliwa, vijitundu hufumba, na maji hupita juu kwa juu. Mwaka 2001 serikali iliondoa maeneo makubwa ya Mau katika hifadhi ya msitu, na huko ndiko uanziako mto Nyangores, upitao Bomet na kuungana na Amala kuwa Mara.

Na pwani? Chini ya machuguu ya mchanga ya Shela, maji matamu yanayonywesha mji wa Lamu yanaelea juu ya maji ya chumvi. Kwa kila mita moja ya maji matamu juu ya usawa wa bahari, kwa kawaida kuna kama mita 40 chini yake. Kwa hiyo tukiyavuta kupita kiasi, yakashuka mita moja tu, chumvi hupanda kiasi hicho cha mita 40, na kisima huharibika. Pia tukijenga juu ya machuguu, twaiziba njia ya mvua. Darcy hakuliona Lamu, lakini hesabu yake imo katika kila ndoo inayotekwa pale, na haimsamehe anayeteka bila kupima.