Charles Kettering, mtu aliyetia umeme ndani ya gari

Katika Kabuta, wilayani Nchelenge, betri ya gari ina kazi nyingi zaidi ya kuliwasha gari. Hutumika kuendesha redio nyumbani na kuchaji simu. Usiku, ziwani Mweru, wavuvi hutumia taa kuwavuta chisense, wale dagaa wadogo, wasogee karibu na nyavu. Msikilizaji wetu wa ufuko huo akifunua boneti ya gari kuukuu ataiona asili ya mambo hayo: betri, stata, dainamo na waya zinazoviunganisha. Vitu hivyo vilikutanishwa katika mfumo mmoja zaidi ya miaka 100 iliyopita na Charles Franklin Kettering, Mmarekani ambaye pia aliiongoza kampuni iliyoeneza sumu ya risasi katika petroli ya dunia nzima.

Kettering alizaliwa tarehe 29 Agosti 1876 shambani karibu na Loudonville, jimbo la Ohio. Tangu utotoni macho yake yalikuwa dhaifu. Alifundisha shule kabla ya kuingia chuo kikuu, na huko macho yakamshinda, akaacha masomo na kujiunga na kikosi cha kuchimbia nguzo na kuvuta nyaya za simu. Huenda alijifunza mengi mashimoni kuliko darasani. Alirudi chuoni hata hivyo, akahitimu uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Ohio State mwaka 1904, akikaribia umri wa miaka 28.

Aliajiriwa mjini Dayton na kampuni ya National Cash Register, iliyotengeneza mashine za kuhesabia fedha madukani. Mashine hizo zilizungushwa kwa mkono. Kettering akazitilia mota ndogo ya umeme, na katika kazi hiyo akatambua jambo lililokuja kubadili maisha yake: mota inayofanya kazi kwa sekunde chache tu, kisha ikapumzika, inaweza kubebeshwa mzigo mzito kuliko ule uliopimwa kwa kazi ya kutwa.

Mwaka 1909, pamoja na Edward Deeds aliyekuwa mkubwa wake kazini, alianzisha kampuni ya Delco. Jioni, katika banda lililokuwa nyuma ya nyumba ya Deeds, walitengeneza mfumo wa cheche wa kutumia betri na koili, wakauuza kwa kiwanda cha Cadillac.

Wakati huo gari liliwashwa kwa kupiga hendeli. Dereva alisimama mbele ya gari na kuizungusha injini kwa nguvu. Cheche ikitoka mapema, injini hurudi nyuma ghafla, na hendeli huvunja kifundo cha mkono, au taya. Inasimuliwa kwamba Byron Carter, mtengenezaji magari na rafiki wa Henry Leland, mkuu wa Cadillac, alijeruhiwa hivyo alipomsaidia mwanamke ambaye gari lake lilizimika njiani, na hatimaye akafariki. Leland, yasemekana, aliapa kuiondoa hendeli katika magari yake.

Wahandisi wengi waliamini kuwa stata ya umeme haiwezekani, kwa kuwa mota yenye nguvu ya kutosha ingekuwa kubwa mno kuingia garini. Kettering aliikumbuka mashine ya dukani. Mwaka 1911 stata yake ilikuwa tayari, na Cadillac za mwaka 1912 zikauzwa nayo.

Ufundi wenyewe unastahili kutazamwa kwa utulivu. Kifaa kimoja kilikuwa mota na dainamo kwa pamoja. Wakati wa kuwasha, betri 4 za volti 6 ziliunganishwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine, zikatoa volti 24. Injini ikishawaka, muunganisho ulibadilishwa, betri zikakaa sambamba kwa volti 6, zikachajiwa na kulisha taa na cheche. Hapo ndipo gari lilipopata mfumo kamili wa umeme badala ya vipande vilivyotengana, na wengi ambao hawakuwa na nguvu za kupiga hendeli waliweza kuendesha peke yao.

Fundi anayeongeza taa au redio katika gari la zamani bado hukutana na hesabu hiyo. Taa ya wati 60 huvuta ampea 10 katika volti 6, lakini ampea 5 tu katika volti 12. Kwa hiyo gari la volti 6 hudai waya mnene zaidi. Waya mwembamba hupata moto hata kama taa yenyewe ni ile ile.

Mwaka 1916 Delco iliuzwa, na baadaye ikamezwa na General Motors. Mwaka huo huo Kettering alileta mtambo mdogo wa mashambani, wenye injini, dainamo na betri za volti 32, kwa kaya ambazo waya za umeme hazikuzifikia. Kuanzia 1920 hadi 1947 aliongoza utafiti wa General Motors.

Kuna upande mwingine. Injini za wakati ule ziligonga zikibebeshwa mzigo, na baadhi ya watu waliulaumu mfumo wake wa cheche. Akaanza kutafuta chanzo. Mwaka 1921 msaidizi wake, Thomas Midgley, aligundua kwamba mchanganyiko wenye risasi huzuia mgongo huo. Pombe nayo ilijulikana kuwa inaweza kuzuia, lakini iliachwa kando. Mwaka 1924 ilianzishwa kampuni ya Ethyl, Kettering akiwa rais wake, na Oktoba mwaka huo wafanyakazi 5 walikufa kwa sumu hiyo katika kiwanda cha New Jersey. Mauzo yalisitishwa mwaka 1925, yakarejeshwa mwaka uliofuata. Madhara ya risasi kwa ubongo wa mtoto hayahitaji kuelezwa kirefu Zambia, yenye mji wa Kabwe.

Mkewe, Olive, alifariki kwa saratani mwaka 1946; jina la Kettering lilikuwa tayari limo katika taasisi ya utafiti wa saratani ya New York iliyoanzishwa mwaka 1945. Yeye mwenyewe alifariki Dayton tarehe 25 Novemba 1958, akiwa na hataza zaidi ya 180. Petroli yenye risasi iliondolewa karibu kote kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, Julai 2021.