Bingwa wa Kwanza wa Muthaiga

Kijana mmoja niliyewahi kumfundisha, mkazi wa hapa Tena, alinijia juma lililopita akiwa amekata tamaa. Ana umri wa miaka 24. Enzi za shule alikuwa mkimbiaji hodari. Sasa anaamini kuwa wakati wake umekwisha. Nami, kwa kukosa jibu la haraka, nilimsimulia maisha ya mcheza gofu. Naam, gofu, mchezo ambao sisi wa Eastlands twauona kwa kuchungulia uani mwa watu.

Guy Wolstenholme alizaliwa Leicester, Uingereza, mwaka 1931. Katika gofu ya ridhaa, isiyo na malipo, aling'ara mapema. Alikuwa bingwa wa ridhaa wa nchi yake mwaka 1956 na tena mwaka 1959, na mara mbili akaiwakilisha katika Kombe la Walker dhidi ya Wamarekani. Mwaka 1960, Mashindano ya Wazi ya Uingereza yalipotimiza miaka 100 kule St Andrews, alimaliza wa sita akiwa bado wa ridhaa, katika uwanja mmoja na kina Arnold Palmer.

Mwaka huo huo akaingia katika gofu ya kulipwa. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo alipoanza kupimwa kikweli. Aliyekuwa mfalme wa ridhaa akawa mmoja tu kati ya wengi waliotafuta riziki kwa fimbo.

Mwaka 1967 alifika Nairobi. Kenya Open ilikuwa ikichezwa kwa mara ya kwanza katika uwanja wa Muthaiga, nchi ikiwa haijatimiza miaka minne ya uhuru, na Waafrika wengi wakiujua mchezo huo kwa kubeba mikoba ya wachezaji. Wolstenholme akashinda. Jina lake likatangulia katika orodha ambayo baadaye ingekuwa na Seve Ballesteros, bingwa wa mwaka 1978.

Kisha alihamia Australia, na ajabu ikawa huko. Alitwaa ubingwa wa wazi wa jimbo la Victoria mwaka 1971, akaurudia 1976, 1978 na 1980. Mara ya mwisho alikuwa akiukaribia umri wa miaka 50! Saratani ilimuua mwaka 1984, akiwa na miaka 53. Hakuishi kumwona mwanawe, Gary, akimshinda Tiger Woods katika Kombe la Walker mwaka 1995, wala akiingia gofu ya kulipwa akiwa na miaka 48.

Kijana alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akataka kujua ni nani aliyekuwa akimlisha bwana huyo miaka yote hiyo. Nilinyamaza, kwani swali lilikuwa la haki: milango iliyomfungukia Wolstenholme si mingi inayofunguka huku kwetu.

Alfajiri ya Jumamosi nilimwona akikimbia kandokando ya barabara ya Manyanja, peke yake, amevaa raba zake kuukuu za shule.