Kano Jigoro: Mwalimu Aliyekataa Mazoezi ya Nusunusu

Katika depo za askari wa nchi nyingi liko somo la kupigana bila silaha, na kila mkufunzi wa somo hilo anawafahamu vema wanafunzi wa aina mbili. Yuko anayeingia mkekani kwa moyo wote, akabwagwa, akainuka, akarudi; na yuko anayetega, anayemshika mwenzake kwa ncha za vidole huku masikio yakingoja filimbi ya mwisho. Leo tumeona vema tuwasimulie askari wetu, wa jeshi na wa polisi, maisha ya mtu aliyelifikiri jambo hilo kwa zaidi ya miaka 50. Naye ni Kano Jigoro wa Japani, mwanzilishi wa judo.

Kano alizaliwa mwaka 1860 huko Mikage, karibu na Kobe, katika jamaa yenye mali iliyojulikana kwa kutengeneza pombe ya mchele. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto, na baba yake akampeleka Tokyo kusoma. Bwenini alipata taabu. Alikuwa hodari wa masomo lakini mdogo wa umbo; hata alipokuwa mtu mzima kimo chake kilikuwa kama sentimita 157 tu, na wenzake wenye misuli walimwonea watakavyo. Akasikia habari za jujutsu, sanaa ya kale ambayo kwayo mdogo aweza kumwangusha mkubwa, akatamani kuijua. Lakini Japani ya siku hizo ilikuwa imegeukia mambo ya Ulaya. Tabaka la samurai lilikuwa limevunjwa, na walimu wengi wa sanaa hizo walikuwa wakijitafutia riziki kwa kazi nyingine.

Mwaka 1877, akiwa katika Chuo Kikuu cha Tokyo, alimpata Fukuda Hachinosuke, mzee aliyeishi kwa kuunga mifupa. Fukuda hakuwa mtu wa maelezo mengi. Siku moja Kano alimwuliza, katika mbinu fulani, mguu uwekwe wapi na mkono uvute vipi. Mzee akamwita karibu, akambwaga. Kano akainuka, akauliza tena, akabwagwa tena. Alipozidi kuuliza aliambiwa kwamba mambo hayo hujulikana kwa kuyarudia mara maelfu, wala si kwa maneno. Tunadhani wako wasomaji wetu wengi waliowahi kukutana na mkufunzi wa namna hiyo. Kano hakuacha kwenda. Ngozi ilichubuka, akajipaka marhamu na kubandika vitambaa; vazi lake la mazoezi likararuka na kutiwa viraka juu ya viraka, nalo limehifadhiwa hata leo.

Ila bidii yake haikuwa ya mwili peke yake. Palikuwa na mwanafunzi mwenzake, mtu mzito wa nguvu nyingi, ambaye Kano hakumweza kabisa. Alijaribu mbinu za sumo, zisimfae. Akaenda maktaba akafungua vitabu vya mieleka ya Ulaya, akakuta namna ya kumwinua mtu na kumlaza mabegani kama gunia la nafaka. Akaizoea pamoja na rafiki zake, kisha akarudi akalibwaga jitu lile. Mbinu hiyo imo katika judo hadi sasa, na huitwa kata-guruma.

Fukuda alifariki mwaka 1879, na mjane wake akamkabidhi Kano hati za shule. Mwalimu wake wa pili, Iso Masatomo, akafariki mwaka 1881. Kano akaenda kwa wa tatu, Iikubo Tsunetoshi. Mwaka 1882, akiwa bado kijana wa miaka 21, alifungua shule yake mwenyewe katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo, akaiita Kodokan. Ilikuwa na mikeka 12, na mwaka wa kwanza waliojiandikisha walikuwa wanafunzi 9 tu. Kishindo cha watu wakiangushana kilitikisa vibao vya kumbukumbu za marehemu hekaluni, na Kano pamoja na wanafunzi wake wakawa wakiingia chini ya sakafu kukaza mbao zilizolegea. Aliyejiunga aliweka ahadi kwamba hataacha mafunzo bila sababu ya maana.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha kazi yake. Shule nyingi za zamani zilikuwa na mbinu za kutisha: kuvunja vidole, kupopotoa viungo, kupiga mahali pa kuua. Mbinu hizo haziwezi kufanywa kwa nguvu zote juu ya mwenzako unayemhitaji tena kesho. Basi zilifanywa kwa kuigiza, kwa hatua zilizokwisha pangwa, na mwanafunzi aliweza kumaliza miaka bila kujua kama anachokijua kitamfaa mbele ya mtu anayekataa kuanguka. Kano aliziondoa mbinu za hatari katika mapambano ya mazoezi, akazihifadhi katika kata, yaani mifano iliyopangwa. Akafundisha kwanza namna ya kuanguka bila kuumia, na aliyepigwa kabari au kubanwa kiungo alipiga mkeka kwa kiganja akaachiliwa papo hapo. Baada ya hapo kila mmoja aliweza kutoa nguvu zake zote, kila siku, juu ya mtu aliyempinga kwa nguvu zake zote. Zoezi hilo la kupambana kwa hiari huitwa randori. Walioona kwamba amezilegeza sanaa za kale walipaswa kungoja kidogo.

Hawakungoja sana. Kati ya mwaka 1886 na 1888 wanafunzi wa Kodokan walishindana na mabingwa wa jujutsu katika mashindano ya polisi wa Tokyo, wakashinda mapambano mengi. Baadhi yao wakachukuliwa kuwa wakufunzi wa polisi. Mmoja wa wanafunzi wake wakuu, Yamashita Yoshitsugu, alikwenda Marekani akamfundisha Rais Theodore Roosevelt, kisha wanafunzi wa chuo cha maofisa wa jeshi la majini huko Annapolis.

Vyeo vya Kano serikalini vilikuwa vingi, nasi hatutavitaja vyote. Kwa miaka mingi alikiongoza chuo cha juu cha walimu cha Tokyo, na mwaka 1909 akawa Mwasia wa kwanza katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Kodokan ilikua. Wanafunzi walifanya mazoezi alfajiri katika siku za baridi kali, na tena katika joto kali la kiangazi. Lakini katika uzee wake aliona jambo lililomsikitisha: wengi walikuwa wakipambana huku wamekakamaza mikono na kuinamisha viuno, shabaha yao ikiwa kutokuangushwa tu. Kwa macho ya mtu wa pembeni hao walikuwa wakitoa jasho jingi. Kwa macho ya Kano walikuwa watoro, maana aliyekataa kuanguka hakujifunza lo lote, na mwenzake pia alimnyima nafasi ya kujifunza. Kutoa nguvu zote kwake kulikuwa kuzitumia mahali pake, kwa faida ya wote wawili.

Machi 1938 alifika Cairo, Misri, katika mkutano wa Olimpiki, kutetea Michezo ya 1940 iliyokuwa imepewa Tokyo. Njiani kurudi alishikwa na kichomi, akafariki Mei 4 ndani ya meli Hikawa Maru, akiwa na miaka 77. Miezi miwili baadaye Japani, iliyokuwa vitani China, iliiacha Michezo hiyo.

Tokyo iliipata tena mwaka 1964, na judo ikaingizwa kwa mara ya kwanza. Pambano la uzito huria, mbele ya Wajapani waliojaa ukumbini, lilishindwa na Mholanzi Anton Geesink, mtu wa karibu mita 2. Mashabiki wake walipotaka kuuvamia mkeka kwa furaha, Geesink aliinua mkono akawazuia, kisha akamgeukia Kaminaga, Mjapani aliyemshinda, wakainamiana kwa heshima.