Padri Mathew na Kitabu cha Ahadi

Theobald Mathew alizaliwa mwaka 1790 katika nchi ya Irlandi, huko Ulaya. Alipokuwa kijana aliingia shirika la Wakapuchini, akapata upadri, kisha akatumwa katika mji wa Cork. Masikini wa mji ule walikuwa wengi. Padri Mathew aliwafungulia watoto wao shule. Mwaka 1832 ugonjwa wa kipindupindu ulipoingia mjini, hakukimbia, aliwatunza wagonjwa.

Lakini ulikuwapo ugonjwa mwingine usiokwisha, ndio ulevi. Siku ya mshahara baba wengi walipitia penye pombe, wakarudi nyumbani mikono mitupu. Watoto wao walilala na njaa.

Mjini walikuwamo watu wachache waliojaribu kuupinga ulevi: William Martin, mtu wa dini ya Quaker, mchungaji Nicholas Dunscombe, na Bwana Richard Dowden. Walishauri na kuhubiri, lakini watu waliwacheka. Tena wao hawakuwa Wakatoliki, na wengi wa masikini walikuwa Wakatoliki. Basi Martin akamsihi Padri Mathew mara nyingi awasaidie.

Haikuwa kazi rahisi. Katika jamaa yake mwenyewe walikuwamo watengenezaji wa pombe kali. Akiupinga ulevi, atawapunguzia ndugu zake mali. Padri aliwaza, akasali, akakubali.

Tarehe 10 Aprili 1838 aliwakusanya watu katika chumba cha shule yake. Akafungua kitabu, akaandika jina lake la kwanza, akiahidi kuacha kila namna ya pombe. Usiku ule watu kama 60 waliandika majina yao baada yake.

Padri hakuwatukana walevi. Aliwapokea, nao wakapiga magoti na kutoa ahadi pamoja, wala hakuna aliyeona haya peke yake. Lakini mtu aliyeacha pombe hutafuta mahali pa kukaa jioni. Kwa hiyo vyama vya wenye ahadi vilifungua vyumba vya kusomea, vikaunda na vikundi vya wapiga muziki.

Habari zikaenea. Padri akazunguka nchi nzima, na watu wakamjia kwa maelfu. Kati ya mwaka 1839 na 1844 kodi ya pombe kali iliyoingia serikalini ilipungua kwa zaidi ya theluthi.

Mwaka 1845 viazi, chakula cha masikini, vilianza kuoza mashambani, njaa kubwa ikaingia. Padri Mathew aliwalisha wenye njaa. Madeni yalimlemea, na mwaka 1848 akapatwa na kiharusi. Hata hivyo mwaka 1849 alikwenda Marekani, akapokea ahadi za watu huko hata mwaka 1851. Alikufa tarehe 8 Desemba 1856, akazikwa Cork.

Baada yake wengi waliirudia pombe. Njaa ilikuwa imetawanya watu, na kazi ilikuwa imeegemea mno bega la mtu mmoja. Lakini mwaka 1898, katika mji wa Dublin, Padri James Cullen alianza upya pamoja na wanawake wanne tu, na chama chao kikafika hata Afrika. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Maulizo
1. Nani walimtangulia Padri Mathew katika kazi hii?
2. Kwa nini vyama vilifungua vyumba vya kusomea?
3. Kwa nini wengi waliirudia pombe?