Karel Čapek, mwandishi aliyeipa dunia neno roboti

Alasiri ya tarehe 11 Februari mwaka 1938, wakazi wachache wa London waliokuwa na televisheni majumbani mwao walitazama mchezo wa takriban dakika 35 kuhusu watumishi waliotengenezwa kiwandani, wanaowaasi mabwana wao na kuwaangamiza wanadamu. Shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, liliurusha moja kwa moja kutoka studio zake za Alexandra Palace, na hadi leo unahesabiwa kuwa hadithi ya kwanza ya kubuni ya kisayansi kuonyeshwa kwenye televisheni. Kijana wa Buyenzi au Bwiza, mjini Bujumbura, anayetazama kwenye simu yake tamthilia ya akili mnemba inayowageukia binadamu, anatazama kisa kilichochota katika chemchemi hiyo hiyo. Aliyekitunga ni Karel Čapek, mwandishi wa habari na wa michezo ya kuigiza kutoka nchi iliyokuwa ikiitwa Chekoslovakia.

Čapek alizaliwa tarehe 9 Januari mwaka 1890 huko Malé Svatoňovice, katika jimbo la Bohemia, wakati huo likiwa chini ya dola ya Austria na Hungaria. Baba yake alikuwa daktari, naye Karel alikuwa kitinda mimba wa watoto watatu, akiwafuata dada yake Helena na kaka yake Josef. Tangu ujanani aliugua maradhi ya uti wa mgongo yaliyomtesa maisha yake yote, na kwa sababu hiyo hakupelekwa vitani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 1915 alihitimu shahada ya udaktari wa falsafa mjini Prague. Miaka miwili baadaye aliingia katika kazi ya uandishi wa habari, na kuanzia mwaka 1921 alilitumikia gazeti la Lidové noviny hadi kufa kwake.

Mchezo uliompa umaarufu, R.U.R., ulichapishwa mwaka 1920. Alipokuwa akiuandika alikosa jina la kuwaita watumishi wake wa kiwandani. Alifikiria neno lenye asili ya Kilatini, lakini hakuridhika nalo. Kaka yake Josef, aliyekuwa mchoraji, ndiye aliyempendekezea jina roboti, kutokana na neno la Kicheki robota. Maana yake ni shokoa: kazi ya lazima ambayo wakulima wa Bohemia waliwafanyia wenye ardhi bila ujira, hadi ilipofutwa mwaka 1848.

Maana hiyo si ngeni katika historia ya Burundi. Katika miaka ileile mchezo huo ulipokuwa ukisambaa duniani, utawala wa Ubelgiji, wenye makao yake Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, uliwalazimisha wanaume kutengeneza barabara na kubeba mizigo, na asiyetii alichapwa kiboko. Warundi wengi walivuka mipaka kwenda Uganda na Tanganyika, wakitafuta kazi yenye mshahara na kuikwepa ile ya shuruti.

Katika mchezo wa Čapek, roboti hawakuundwa kwa chuma. Wametengenezwa kwa kemikali inayofanana na nyama ya mwili, katika kiwanda kilicho kisiwani, na kwa sura hawatofautiki na watu. Kampuni inawauza kwa bei nafuu duniani kote, ikiahidi kwamba mwanadamu hatatoka jasho tena. Wafanyakazi wanapoteza ajira, serikali zinawanunua roboti na kuwafanya askari, na wanawake wanaacha kuzaa. Roboti wanapoasi, wanamwacha hai mtu mmoja tu, fundi mwashi Alquist, kwa kuwa yeye bado anafanya kazi kwa mikono yake kama wao.

Jina la mvumbuzi wa roboti hao, Rossum, linatokana na neno la Kicheki lenye maana ya akili. Hata hivyo, katika mchezo huo maafa hayaanzii katika akili ya mashine. Yanaanza pale watu wanapotamani mtumishi asiyechoka, asiyedai ujira wala haki, kisha wanamkabidhi bunduki. Kila mkurugenzi wa kampuni anaendelea kuuza, kwa kuwa wanunuzi wapo na faida ni kubwa.

Mchezo uliingia katika Jumba la Taifa la Michezo mjini Prague mwezi Januari mwaka 1921, ukafika New York mwaka uliofuata, na kufikia mwaka 1923 ulikuwa umetafsiriwa katika lugha zipatazo 30. Umaarufu huo haukumfanya Čapek anyamaze. Mafashisti walipozidi kupata nguvu Ulaya, mwaka 1936 alitoa riwaya ya salamanda wa majini wanaotumikishwa na wanadamu, kisha wakawageukia kwa vita. Mwaka uliofuata alitunga mchezo kuhusu dikteta na ugonjwa wa kuambukiza. Alipendekezwa mara kadhaa kwa Tuzo ya Nobel ya fasihi, lakini hakuipata.

Mwezi Septemba mwaka 1938, katika mkutano wa Munich, Uingereza na Ufaransa zilikubali Hitler achukue sehemu ya Chekoslovakia. Čapek alishambuliwa magazetini na kutumiwa barua za matusi. Alipewa nafasi ya kwenda uhamishoni, akakataa kuihama nchi yake. Tarehe 25 Desemba mwaka huo alifariki kwa homa ya mapafu, akiwa na umri wa miaka 48.

Majeshi ya Ujerumani yaliingia Prague mwezi Machi mwaka 1939. Polisi wa siri wa Hitler walikwenda kumkamata nyumbani kwake bila kujua kwamba alikwisha kufa, wakamkuta mjane wake, mwigizaji Olga Scheinpflugová. Josef, aliyelitoa neno roboti, alikamatwa mwezi Septemba mwaka huo. Alihamishwa kutoka kambi moja ya mateso hadi nyingine, kambi ambamo wafungwa walitumikishwa kazi za shuruti, na akafia Bergen-Belsen mwezi Aprili mwaka 1945, wiki chache kabla ya vita kumalizika Ulaya.