Alan Turing: Mwanahisabati aliyefumbua siri za vita, akahukumiwa na taifa lake

KILA siku watumiaji wa intaneti kote duniani hukumbana na kijisanduku kinachowataka wathibitishe kwamba wao ni binadamu wala si roboti. Baadhi yao huonyeshwa picha za taa za barabarani wazichague, wengine hupewa herufi zilizopindapinda wazisome. Ni wachache mno wanaojua kuwa jina la kitaalamu la fumbo hilo, CAPTCHA, limebeba ndani yake herufi ya kwanza ya jina la Mwingereza aliyeaga dunia mwaka wa 1954, miaka mingi kabla ya intaneti kubuniwa.

Mwingereza huyo ni Alan Mathison Turing. Fikra zake zimo katika kila tarakilishi na kila simu ya mkononi, na mjadala wa leo kuhusu akili unde ulianzia, kwa kiasi kikubwa, katika swali aliloliuliza yeye.

Turing alizaliwa jijini London mnamo Juni 23, 1912. Babake, Julius, alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni katika mkoa wa Madras, India, naye mamake, Ethel Sara Stoney, alikuwa binti wa mhandisi mkuu wa reli za huko. Kama ilivyokuwa desturi ya maafisa wa kikoloni wa enzi hiyo, wazazi walirejea kazini India na kuwaacha Alan na kakake John katika malezi ya mwanajeshi mstaafu na mkewe kwenye pwani ya kusini mwa Uingereza.

Mnamo Mei 1926, akiwa na umri wa miaka 13, alitakiwa kuripoti katika shule ya bweni ya Sherborne. Siku hiyo mgomo mkuu wa wafanyakazi ulikuwa umekwamisha usafiri wa treni kote nchini. Turing alipanda baiskeli yake kutoka bandari ya Southampton, akasafiri peke yake karibu kilomita 100, akalala njiani katika nyumba ya wageni na kuwasili shuleni siku iliyofuata. Walimu hawakuvutiwa naye sana. Mwandiko wake ulikuwa mbovu, naye alipuuza masomo ya lugha za kale ambayo shule hiyo iliyaenzi.

Aliyemwelewa ni mwanafunzi mwenzake, Christopher Morcom, aliyempita katika masomo na kumtia ari ya kusoma kwa nidhamu. Morcom alifariki Februari 1930 kutokana na ugonjwa wa kifua kikuu alioupata utotoni kwa kunywa maziwa ya ng'ombe aliyeambukizwa. Pigo hilo halikumtoka Turing moyoni. Kwa miaka kadhaa aliendelea kumwandikia barua mamake marehemu, akitafakari kama akili ya mtu yaweza kudumu baada ya mwili kufa. Swali la uhusiano kati ya akili na maada halikumwacha tena, ingawa jibu lake lilibadilika kadiri alivyozidi kukomaa.

Alijiunga na chuo cha King's, Cambridge, mwaka wa 1931, na kufikia 1935, akiwa na miaka 22 pekee, alikuwa amechaguliwa kuwa mwanazuoni wa chuo hicho. Mwaka uliofuata aliandika makala ambayo ndiyo msingi wa sifa yake hadi leo.

Mwanahisabati Mjerumani, David Hilbert, alikuwa ameuliza kama kuna njia moja mahususi ya kuamua iwapo kauli yoyote ya kihisabati yaweza kuthibitishwa au la. Turing alianza kwa kujiuliza jambo ambalo wengi walilichukulia kuwa wazi: njia ni nini hasa? Akawaza mashine sahili mno, yenye utepe mrefu uliogawanywa katika vyumba vidogo. Mashine hiyo husoma alama iliyo mbele yake, huifuta au huandika nyingine, kisha husogea chumba kimoja kushoto au kulia kwa kufuata orodha ya maagizo. Hiyo tu. Lakini Turing alionyesha kwamba hesabu yoyote iwezayo kufanywa kwa kufuata kanuni yaweza kufanywa na mashine kama hiyo.

Kisha akapiga hatua kubwa zaidi. Alionyesha kwamba mashine moja yaweza kufanya kazi ya mashine zote nyingine, mradi iandikiwe maagizo yake kwenye utepe. Ndiyo sababu simu moja yaweza kupiga hesabu, kucheza muziki na kutuma pesa bila kubadilishwa kipuri chochote: kinachobadilika ni programu. Ama swali la Hilbert, jibu lilikuwa la. Njia hiyo haipo. Mmarekani Alonzo Church alikuwa amefikia jibu hilo muda mfupi kabla yake kwa njia tofauti, na Turing akaenda Princeton kusoma chini yake, akahitimu shahada ya uzamifu mwaka wa 1938. Alipewa nafasi ya kazi huko na mwanahisabati mashuhuri John von Neumann, akaikataa na kurudi kwao.

Septemba 4, 1939, siku moja baada ya Uingereza kutangaza vita dhidi ya Ujerumani, Turing aliripoti Bletchley Park, jumba la kifahari kaskazini mwa London lililogeuzwa kuwa makao ya wafumbuzi wa mawasiliano ya adui. Wajerumani walitumia mashine iliyoitwa Enigma, iliyofanana na taipureta na yenye magurudumu yaliyozunguka kila herufi ilipobonyezwa. Njia za kuitega zilikuwa takriban milioni 159, ukizidisha kwa milioni, kisha tena kwa milioni, na mtego ulibadilishwa kila siku.

Haki lazima itendwe kwa Wapolandi hapa, maana filamu na magazeti huwasahau. Marian Rejewski na wenzake wawili, Jerzy Różycki na Henryk Zygalski, walikuwa wakisoma ujumbe wa Enigma tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930, nao waliwakabidhi Waingereza na Wafaransa siri zao Julai 1939, wiki chache kabla ya nchi yao kuvamiwa. Turing alijenga juu ya msingi huo. Mashine yake, Bombe, ilianza kazi Machi 1940, na ikaboreshwa sana na mwenzake Gordon Welchman. Ilitegemea udhaifu mmoja wa Enigma: herufi haikuweza kamwe kugeuzwa kuwa hiyo hiyo. Wafumbuzi walikisia maneno ambayo hayangekosa kuwemo katika ujumbe, kama vile taarifa za hali ya hewa, kisha Bombe ikaondoa mitego yote isiyowezekana.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kufumbua Enigma ya wanamaji, ambayo Turing aliitwaa kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa akiishughulikia. Nyambizi za Ujerumani zilikuwa zikizamisha meli za chakula na mafuta katika Atlantiki. Kufikia katikati ya 1941 kikosi chake katika Kibanda nambari 8 kilikuwa kikisoma mawasiliano hayo, na misafara ya meli ikaanza kuelekezwa kando. Uhaba wa makarani ulipozidi, yeye na wenzake watatu walimwandikia Waziri Mkuu Winston Churchill moja kwa moja mnamo Oktoba 1941, wakiwaruka wakubwa wao. Churchill aliamuru wapewe kila walichohitaji. Kauli kwamba kazi ya Bletchley ilifupisha vita kwa miaka miwili ni makisio ya wanahistoria, lakini hakuna anayekana uzito wake.

Mtandao wa shughuli hiyo ulifika hadi Mombasa. Baada ya ndege za Japani kushambulia Ceylon mnamo Aprili 1942, kituo cha Waingereza kilichonasa mawasiliano ya Wajapani kilihamishwa kutoka Colombo hadi Kilindini, kikawekwa katika shule ya Allidina Visram. Humo ndimo ulimofumbuliwa msimbo uliotumiwa na meli za kibiashara za Japani. Turing mwenyewe hakuwa huko. Kazi yake ilikuwa Ulaya na, kwa miezi michache, Marekani.

Vituko vyake vingalisimuliwa. Aliendesha baiskeli akiwa amevaa barakoa ya gesi ili kujikinga na chavua. Mnyororo wa baiskeli hiyo ulikuwa ukichomoka kila baada ya mizunguko fulani, naye badala ya kuipeleka kwa fundi alihesabu mizunguko na kusimama kwa wakati ufaao. Kikombe chake alikifunga kwa mnyororo wasikichukue. Mwaka wa 1940, akihofia Uingereza ingevamiwa, alizika vipande vya fedha msituni, na vita vilipokwisha hakuweza kuvipata.

Alikuwa pia mkimbiaji hodari. Mnamo 1947 alikamilisha marathoni kwa saa 2, dakika 46 na sekunde 3. Katika nchi ya akina Kipchoge muda huo hauwezi kutetemesha mtu, ila mshindi wa Olimpiki za London za 1948 alitumia dakika 11 pekee chini ya hapo.

Baada ya vita alibuni ramani ya tarakilishi iliyoitwa ACE, lakini urasimu ulimchosha, akahamia Chuo Kikuu cha Manchester mwaka wa 1948. Huko ndiko alikoandika makala ya 1950 iliyouliza kama mashine zaweza kufikiri. Badala ya kubishana kuhusu maana ya kufikiri, alipendekeza jaribio: mtu aulize maswali kwa maandishi bila kumwona anayejibu, na akishindwa kutofautisha mashine na binadamu, basi mashine isinyimwe sifa ya akili. Yeyote aliyewahi kuzungumza na programu za akili unde katika miaka hii anajua kuwa jaribio hilo si mchezo wa vitabuni tena. Aliandika pia programu ya kucheza sataranji kabla ya kuwepo kwa tarakilishi ya kuiendesha, akawa anapiga hesabu zake kwa karatasi, hatua baada ya hatua.

Mcheza kwao hutunzwa, husema wahenga. Kwa Turing haikuwa hivyo. Januari 1952 nyumba yake iliibwa, akapiga ripoti kwa polisi. Katika kuhojiwa, alikiri bila kificho kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mwanamume aliyefahamiana na mwizi. Sheria ya mwaka wa 1885, ile ile iliyomfunga mwandishi Oscar Wilde, ilihesabu hilo kuwa jinai. Kifungu kinachofanana nacho kiliingizwa na wakoloni katika sheria za Kenya pia, na Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kukifuta mnamo Mei 2019.

Turing alichagua kudungwa homoni za kike kwa mwaka mmoja badala ya kwenda jela. Mwili wake ulibadilika, akaota matiti. Idhini ya kushughulikia siri za serikali ikaondolewa. Hata hivyo hakuacha kazi: mwaka huo huo alichapisha makala ya kihisabati inayoeleza jinsi madoa na mistari ya wanyama inavyoweza kujiumba, ambayo wanabiolojia wangali wanaitumia.

Alifariki Juni 7, 1954 nyumbani kwake Wilmslow, akiwa na miaka 41. Mtumishi wake alimkuta kesho yake, kando yake tufaha lililoumwa. Sumu ya sianidi ndiyo iliyomuua, na uchunguzi wa siku chache ukaamua kuwa alijitoa uhai. Mamake hakukubali kamwe. Mwanawe alikuwa akitumia sianidi katika majaribio ya kupaka vijiko dhahabu chumbani, na hakuacha barua yoyote. Tufaha lenyewe halikupimwa. Uvumi unaosambaa mitandaoni kwamba nembo ya kampuni ya Apple ilichorwa kwa kumkumbuka umekanushwa na aliyeichora, Rob Janoff: pengo liliwekwa ili tunda lisidhaniwe kuwa cheri.

Mamake aliandika kitabu kuhusu maisha yake mwaka wa 1959 bila kujua alichokifanya vitani, kwani siri ya Bletchley ilihifadhiwa hadi miaka ya 1970. Tangu 1966 tuzo kuu ya sayansi ya tarakilishi imekuwa ikiitwa kwa jina lake. Waziri Mkuu Gordon Brown aliomba radhi kwa niaba ya serikali Septemba 2009, baada ya maelfu ya Waingereza kutia saini ombi. Malkia Elizabeth II akamsamehe Desemba 24, 2013, na mwaka wa 2017 sheria ikapanua msamaha huo kwa maelfu ya wengine waliohukumiwa kama yeye.

Juni 23, 2021, Benki Kuu ya Uingereza ilitoa noti mpya ya pauni 50 yenye sura yake. Juu yake umechorwa utepe wenye tarakimu za sufuri na moja, na anayejua kuzisoma huikuta humo tarehe yake ya kuzaliwa.